Siku mama alipoufuata mchezo wa bintiye matopeni

Saa 2:00 asubuhi ya Jumapili moja ya Desemba, mji wa Gent bado una giza. Huku Ubelgiji mwezi huu jua huchomoza karibu na saa 3:00, na kabla ya saa 11:00 jioni limeshazama. Mama mmoja, mzaliwa wa Bukavu mashariki mwa Kongo, anashuka ngazi za nyumba yao akiwa na begi mgongoni na ndoo mkononi. Nyuma yake binti yake wa miaka 15 anasukuma baiskeli. Nje gari la mzee wa klabu limeshawashwa, na mvuke unatoka midomoni mwao kila wanapoamkiana.

Ndani ya begi kuna suruali mbili, soksi jozi tatu, taulo kubwa, chupa ya chai ya tangawizi na mikate iliyopakwa siagi ya karanga. Binti ndiye aliyeandika orodha. Mama amebeba tu.

Hii ni mara yake ya kwanza kwenda. Tangu Oktoba binti amekuwa akisindikizwa na mzee huyo, fundi mstaafu anayewafundisha watoto wa mtaa. Kila Jumapili jioni alikuwa akirudi amepakwa tope hadi masikioni, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: amekuwa wa mwisho, au wa pili kutoka mwisho. Mwezi Novemba alirudi na kidevu kilichochanika. Baba yake alisema imetosha. Mtoto alilia usiku kucha. Ndipo wazazi wakakubaliana: mama aombe ruhusa kazini, kwenye nyumba ya wazee anakohudumu, aende akaone kwa macho yake, kisha aamue kama binti aendelee au baiskeli iuzwe.

Kwa hiyo leo mama haendi kushangilia. Anakwenda kuamua.

Mchezo wa mashambani

Mchezo wenyewe unaitwa saiklokrosi. Wenyeji wa Flanders, wanaosema Kiholanzi, huuita *veldrijden*, yaani kuendesha shambani, na jina hilo linaeleza kila kitu. Watu hushindana kwa baiskeli zinazofanana na zile za mbio za barabarani, lakini njia hupita kwenye malisho ya ng'ombe, vichaka, mchanga na vilima. Msimu wake ni wakati wa mvua na baridi, kuanzia vuli hadi Februari. Tope likizidi, hakuna anayefikiria kuahirisha. Watu huja wengi zaidi.

Njia ni fupi, na washindani huizunguka mara kadhaa. Mabingwa wakubwa hushindana kwa muda wa karibu saa moja. Vijana wa umri wa binti huyu ni kama nusu saa. Tairi za mashindano makubwa haziruhusiwi kuzidi upana wa milimita 33, kwa hiyo hakuna tairi nene la kumwokoa mtu. Mahali pasipopandika, mshindani huruka chini, hutia mkono kwenye fremu, huitupa baiskeli begani na kukimbia nayo. Kila baada ya muda hukutana na mbao zilizosimamishwa kukatiza njia. Hapo wachache wenye ujuzi huruka na baiskeli zao, na wengine wote hushuka.

Chanzo chake ni Ufaransa. Daniel Gousseau ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi, na mashindano ya kwanza ya taifa la Ufaransa yalifanyika mwaka 1902. Ubingwa wa dunia ulianza 1950 jijini Paris, na Mfaransa Jean Robic akawa bingwa wa kwanza. Wanawake walisubiri miaka 50: ubingwa wao wa dunia ulianza mwaka 2000, akashinda Hanka Kupfernagel wa Ujerumani. Wasichana vijana walipata wao mwaka 2020 tu.

Lakini makao makuu ya mchezo huu leo ni Ubelgiji, hasa Flanders. Kwa watu wa hapa ni jambo la familia. Babu husimama kando ya uzio na kofia ya sufu, mjukuu yuko mabegani, na bibi anashika karatasi ya chipsi zenye mayonezi. Mabingwa wenyewe hutoka kwenye nyumba za mchezo huu. Sven Nys, bingwa wa dunia wa mwaka 2005 na 2013, ana mwana, Thibau, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa vijana mwaka 2020. Ng'ambo ya mpaka, Uholanzi, Adrie van der Poel alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1996. Mwanawe, Mathieu, alikuja kuushinda ubingwa huo huo mara nyingi kuliko baba, na mwaka 2023 aliushinda Hoogerheide, mahali penye mashindano yanayoitwa kwa jina la baba yake.

Mama wa Gent hana baba wala babu wa namna hiyo. Kwao Bukavu, baiskeli ilikuwa ya kubebea mzigo. Septemba 2025, Kigali ilipokuwa mwenyeji wa ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani, wa kwanza kufanyika Afrika, yeye na binti walikaa mbele ya televisheni wiki nzima. Rwanda ni ng'ambo tu ya mto ukiwa Bukavu. Mama aliangalia vilima na watu waliojaa barabarani, akafurahi kama mtu aliyeona jirani zake kwenye sherehe. Binti aliangalia magurudumu. Wiki mbili baadaye alikuwa amemwomba mzee wa klabu baiskeli ya mtumba.

Tope lisilofichwa

Safari ni kama kilomita 30 kuelekea kusini, hadi kijiji kimoja karibu na Oudenaarde. Hapa tambarare ya Flanders huanza kukunjamana kuwa vilima. Vilima hivi si virefu, lakini vina miinuko mikali na barabara za mawe, na waendesha baiskeli wa dunia nzima wanavijua. Kunapopambazuka, mama anaona malisho yenye maji yaliyotuama, miti iliyokatwa vichwa, nyumba za matofali mekundu na mnara wa kanisa uliomezwa na ukungu nusu. Kipimajoto cha gari kinasema nyuzi 3.

Shamba limegeuzwa uwanja. Utepe umefungwa kwenye vigingi, ukipinda na kurudi kama utumbo. Kuna hema la supu, hema la bia, na meza ya kuandikisha namba. Binti anavaa njumu na kuondoka kuikagua njia. Mama anaazima buti za mpira za mzee na kumfuata kwa miguu.

Kabla ya kufika kona ya pili, buti moja imebaki kwenye tope na mguu umetoka.

Mzee anacheka, anairudisha buti, kisha anamwonyesha. Hapa ni mteremko ulioinama upande, ambapo gurudumu la nyuma hutaka kwenda bondeni hata kama la mbele linakwenda mbele. Hapa ni bonde la maji, usikanyage breki. Pale ni ngazi 30 za mbao zilizochimbiwa kilimani. Anabonyeza tairi ya baiskeli kwa kidole gumba: limejazwa upepo kidogo sana, hata linabonyea, kwa sababu tairi gumu huteleza na laini hushika.

Mama anatazama miguu yake. Bukavu imejengwa juu ya milima inayoingia Ziwa Kivu, na msimu wa mvua njia za udongo hugeuka utelezi. Alipokuwa mdogo, alikwenda shule viatu vikiwa kwenye mfuko. Karibu na lango alinawa miguu kwa maji ya chupa, akavaa soksi nyeupe, akaingia darasani kama mtu aliyeshuka kwenye gari. Tope lilikuwa la kufichwa. Mtoto aliyefika na tope alirudishwa, na aibu ilimwendea mama yake.

Na hapa watu wamelipa kiingilio waje kuliona.

Kituo kimoja tu

Katikati ya uwanja kuna sehemu iliyozungushiwa uzio, ambayo njia huipitia mara mbili katika kila mzunguko. Ni kituo cha vifaa. Wasaidizi husimama hapo na baiskeli za akiba. Alasiri, wakubwa watakaposhindana, mabingwa watakuwa wakibadilisha baiskeli hapa tena na tena. Moja ikiendeshwa, nyingine inaoshwa kwa mashine za maji kama zile za kuoshea magari, kwa sababu tope na majani huongeza uzito na kukaba gia.

Binti hana fahari hiyo. Ana baiskeli yake ya mtumba na nyingine kuukuu aliyoazimwa na klabu, ya kutumia iwapo ya kwanza itaharibika. Kazi ya mama leo ni kuishika.

Mzee anamweleza sheria, na anairudia mara mbili. Msaada unatolewa hapa tu. Mtoto akianguka nje ya kituo, anainuka mwenyewe. Cheni ikitoka nje ya kituo, anairudisha mwenyewe. Baiskeli ikivunjika baada ya kupita kituo, haruhusiwi kugeuka nyuma. Aibebe hadi kituo kinapofikiwa tena. Mzazi akivuka utepe kumpa mkono, mtoto anaondolewa.

"Na mimi nikiwa nje ya hapa nifanye nini?" mama anauliza.

"Upige kelele," mzee anajibu.

Saa 5:00 wasichana 23 wanapangwa kwenye lami. Wenye matokeo mazuri wanaitwa mbele, wageni nyuma. Binti yuko mstari wa mwisho, amejikunyata, magoti mekundu kwa baridi. Filimbi inalia. Wote wanaruka kwa pamoja, maana baada ya mita mia na ushei njia inabana na kuingia shambani, na anayefika pale akiwa nyuma anakuta foleni.

Mzunguko wa kwanza mama hamwoni vizuri. Anaona kofia ngumu, migongo, na tope linaloruka. Kisha anamtambua kwenye ngazi. Wengine wanapanda wakihema, baiskeli zikiwagonga mapajani. Binti ameitupa yake begani na anapanda ngazi mbili mbili. Anampita mmoja. Juu kabisa anampita wa pili. Mama anashtuka kusikia sauti yake mwenyewe.

Mzunguko wa pili anaanguka kwenye mteremko ulioinama. Gurudumu la nyuma linachomoka, na anaserereka kwa ubavu hadi kwenye utepe. Mama anaweka mkono mdomoni. Hii ndiyo picha aliyokuja nayo kichwani, na sasa iko mbele yake. Lakini kumbe tope lililomwangusha ndilo lililompokea. Anainuka, anapangusa usukani kwa glavu, anapanda.

Mzunguko wa tatu anapita kituo salama. Mama anamwona usoni kwa karibu: meno tu na macho ndiyo yaliyo safi. Halafu, mita 30 hivi baada ya kituo, unasikika mlio kama wa kijiti kinachovunjika. Majani yamejisokota kwenye gia, na kile kijikono cha gia kinachoning'inia nyuma kimeng'oka na kuingia kwenye spoku. Gurudumu halizunguki.

Mama tayari anakimbia. Baiskeli ya akiba iko mikononi mwake na utepe uko mbele yake. Mtoto anamtazama, naye anamtazama mtoto. Mzee anamshika mkono wa koti.

"Ukimpa hapo, wanamwondoa."

"Si ni hapa tu!"

"Ni hapa tu, ndiyo. Wanamwondoa."

Kutoka hapo hadi kufikia kituo tena ni karibu kilomita moja, yenye bonde la maji na ngazi. Mama alikuwa na neno tayari tangu Novemba. Neno lenyewe ni "acha." Angelisema sasa, mtoto angelisikia, na kwa jinsi midomo yake inavyotetemeka huenda angelitii. Mambo yote yangeisha vizuri: hakuna aliyekatazwa, baiskeli imevunjika tu.

Binti anaiinua baiskeli begani na gurudumu lililokwama linamgonga shavuni. Anaanza kukimbia.

Neno linalomtoka mama silo lile alilokuja nalo. "Beba, mwanangu! Beba!"

Anakimbia naye sambamba nje ya utepe, kadiri buti za mpira zinavyomruhusu, hadi pale njia inapoachana na watazamaji. Kwenye bonde la maji watu hawamjui mama wala lugha yake, ila wamelisikia neno. Bwana mmoja mwenye kikombe cha supu analirudia. Watoto wake wanalirudia. Binti anapofika kwenye ngazi, kilima kizima cha Waflandi kinapiga kelele: "Beba! Beba!" Wanaweka mkazo mahali pasipo sahihi, lakini wanalipiga kwa nguvu.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mama analijua hilo tangu darasa la nne. Hajawahi kuliona likikimbia.

Anamsubiri kituoni. Amefundishwa namna ya kushika: mkono mmoja kwenye tandiko, baiskeli ielekee mbele, upande wa kulia wa mtoto. Kwa wasiwasi anasimama kushoto. Binti anaingia, anatupa mzigo chini na kusema kwa pumzi iliyokatika, "Mama, upande mwingine!" Mama anazunguka, nusura aanguke. Binti anapanda. Wa kwanza yuko nyuma yake kwa sekunde chache tu. Angemfikia, msimamizi angemtoa njiani.

Hakumfikia. Kengele ya mzunguko wa mwisho inapigwa, na binti yumo.

Anamaliza wa mwisho kati ya waliomaliza. Wawili waliacha njiani.

Kijikono cha gia

Baada ya mstari vidole vyake vimekufa ganzi, hawezi hata kufungua ukanda wa kofia. Mama anaufungua. Nyuma ya gari anamzungushia taulo, anamvua nguo zilizolowa kabla hajapoa, anamvika soksi kavu, kisha suruali mbili, kisha koti. Mzee alikuwa amesisitiza: baridi haimdhuru anayekimbia, humdhuru aliyesimama na nguo mbichi. Chai ya tangawizi inanywewa kwenye kifuniko, ikishikwa kwa mikono minne.

Mama anasubiri kilio kuhusu baiskeli. Binti anasema, "Mama, uliona pale kwenye ngazi? Wawili!"

Hatua chache pembeni, baba mmoja anamfokea mwanawe. Mvulana huyo alikuwa wa tatu katika mbio zilizotangulia. Amesimama na nguo zilizolowa, macho chini, huku baba akimwonyesha kwa kidole kona aliyokosea. Mama anamtazama yule baba, kisha anatazama ndoo yake, na hasemi kitu. Hata yeye alikuja na kidole chake.

Mzee anaikagua baiskeli. Fremu ni nzima. Kilichovunjika ni kipande kidogo cha bati kinachoshikilia kijikono cha gia. Anaeleza kwamba kipande hicho hutengenezwa makusudi kiwe dhaifu: likitokea la kutokea, kivunjike chenyewe, fremu ipone. Kitanunuliwa kingine, si cha bei kubwa. Mama anakitia mfukoni.

Njiani kurudi binti analala, kichwa kikigonga kioo kwenye kila shimo. Saa 10:00 jioni mwanga umeshaanza kufifia juu ya malisho. Simu inaita. Ni baba yake.

"Amemaliza?"

"Amemaliza."

"Wa ngapi?"

"Wa mwisho."

Kimya kidogo. "Kaumia?"

"Hapana. Kachoka tu. Kalala."

"Haya. Umeamua nini?"

Mama anatazama nyuma. Tope limekauka kwenye nyusi za mtoto na kuanza kupasuka kama udongo wa kiangazi.

"Kesho ukipita dukani," anasema, "nunua brashi. Ile kubwa, ya mpini mrefu. Hii tuliyo nayo haifiki kwenye spoku."

Jioni hiyo uani, chini ya taa, ndoo imejazwa maji ya uvuguvugu. Mama ameinama kwenye gurudumu la mbele, binti kwenye la nyuma. Maji ya kwanza yanatoka meusi. Ya pili yanatoka ya kahawia. Wanamwaga na kujaza tena.